Kifua Kikuu na Tendo la Ndoa (Machakos)

Kifua kikuu (TB) cha mapafu huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa, kuimba au kuzungumza. Si ugonjwa wa zinaa. Hatari iliyopo kitandani ni pumzi ya karibu ya mtu ambaye dawa hazijamkolea. Baada ya wiki 2 hivi za dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana. Katika Kaunti ya Machakos, kama kote Kenya, dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na dozi ya kawaida huchukua miezi 6.

Usuli. Katika miaka ya 1970, watafiti waliwashirikisha viongozi wa jamii katika wilaya ya Machakos kuwatafuta watu wenye kikohozi cha muda mrefu. Swali la kikohozi limezoeleka. La chumbani linastahili kuulizwa vilevile.

Mwili na hamu. Homa, jasho la usiku na kukonda hupunguza hamu kwa wake kwa waume, na nguvu za kiume huweza kufifia. Kwa wengi hali hurejea kadiri mwili unavyopata nafuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hugeuza mkojo, jasho na hata shahawa kuwa rangi ya machungwa. Si damu, wala si dalili ya maradhi mapya.

Uzazi wa mpango. Mwanamke mwenye kijiti mkononi anapoanza dozi, huenda akadhani bado amekingwa. Lakini rifampisini hulifanya ini livunje homoni upesi, hivyo kijiti na vidonge hupungua nguvu hadi takriban wiki 4 baada ya dozi kwisha. Sindano ya miezi 3 na koili ya shaba hazidhoofishwi, ingawa koili haiwekwi mwenye TB ya nyonga. Kondomu husaidia, na hukinga pia dhidi ya virusi vya UKIMWI, ambavyo kila mgonjwa wa TB hushauriwa kupima.

Uzazi. TB ikifika kwenye mirija ya uzazi huweza kuleta utasa. Kwa mwanamume huweza kuleta uvimbe kwenye korodani. Mjamzito haachi dawa: zile 4 za kawaida humfaa, ila streptomaisini, dawa nyingine ya TB, huepukwa kwa kuwa huweza kudhuru usikivu wa mtoto.

Ushauri. Siku ya kwanza ya dozi, mgonjwa amtajie mhudumu njia ya uzazi wa mpango anayotumia, na ikiwezekana aende na mwenzi wake.