Askari, Mkewe na Kodi ya Majimbo

Askari hahami kwa hiari yake, huamriwa. Leo yuko Texas, kesho apelekwa Virginia, na baada ya miaka michache Hawaii. Nawe msomaji, fahamu kwamba huko Marekani, mbali na kodi ya serikali kuu, majimbo mengi hutoza kodi yao wenyewe ya mapato. Wisconsin ilianza mwaka 1911, na mengine yakafuata. Basi jiulize: askari huyu atalipa kodi wapi, kwao au kule alikotumwa? Kila jimbo likidai fungu lake, mshahara mmoja utatozwa mara mbili.

Vita vya Pili vya Dunia vilipowatoa mamilioni ya watu makwao, jambo hili lilikuwa zito. Mwaka 1942 Bunge la Marekani liliongeza kifungu katika sheria ya mwaka 1940 ya kuwalinda askari. Lilisema kwamba askari asihesabiwe kuwa amehama maskani yake kwa sababu ya amri ya jeshi tu, wala jimbo la ugenini lisiutoze kodi mshahara wake wa kijeshi. Mwaka 1953, katika shauri la Dameron, ofisa wa Louisiana aliyewekwa Denver, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba hata vyombo vyake vya nyumbani visitozwe kodi huko.

Lakini mkewe je? Yeye naye aliifuata amri ile ile. Akipata kazi ya ualimu au uuguzi, alitozwa kama mwenyeji. Watu wawili walilala chini ya dari moja, mmoja mgeni, mwingine mwenyeji, na hesabu zao za kodi zikapelekwa katika majimbo mawili. Hali hiyo ilidumu miaka 67.

Mwaka 2009 sheria ilimruhusu mke au mume wa askari kushika maskani yake ya asili, ikiwa ni moja na ya mwenziwe. Sheria ya 2018 ikamruhusu kuchagua maskani ya askari. Nayo iliyotiwa sahihi Januari 2023 ikawapa wote wawili uchaguzi: kwao askari, kwao mwenziwe, au mahali pa kazi.

Usidhani kwamba wamesamehewa kodi. Jimbo walilolichagua laweza kuwadai, na askari akifanya kibarua nje ya jeshi, hulipa alipokifanyia. Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Sheria hizi zaonyesha kwamba anayelitumikia taifa asilazimishwe kuacha asili yake, wala yule anayemfuata.