Kingamwili za Mama na Tezi ya Mtoto Aliye Tumboni: Safari ya Wazo la Kitabibu, 1956–2012

Maradhi ya tezi ya thairoidi yanayosababishwa na kinga ya mwili yana historia ndefu, lakini nafasi ya mtoto aliye tumboni katika historia hiyo ni ya karibuni. Robert Graves alieleza mwaka 1835 rovu liambatanalo na mapigo ya kasi ya moyo. Hakaru Hashimoto naye alieleza mwaka 1912, kutokana na wagonjwa 4, tezi iliyojaa seli za limfu. Wakati huo dhana kwamba mwili waweza kujishambulia wenyewe haikuhusishwa na maradhi hayo.

Dhana hiyo ilipata ushahidi mwaka 1956. Huko London, Roitt, Doniach na wenzao walikuta katika damu ya wagonjwa wa Hashimoto kingamwili dhidi ya protini ya tezi yao wenyewe. Mwaka huohuo, huko New Zealand, Adams na Purves walibaini katika damu ya wagonjwa wa Graves kichocheo cha tezi kidumucho kuliko kile cha kawaida. Baadaye ilithibitika kuwa nacho ni kingamwili.

Ugunduzi huo ulifumbua fumbo la wodi za uzazi: mama aliyekwisha kuondolewa tezi, na kuonekana mzima, aliweza kuzaa mtoto mwenye tezi iliyochochewa kupita kiasi. Tezi ilikuwa imeondoka, kingamwili zilibaki, nazo huvuka kondo la nyuma. McKenzie aliihusisha hali hiyo ya watoto wachanga na kichocheo hicho mwaka 1964. Dalili hukoma baada ya miezi michache, kwani kingamwili hizo hupungua kwa nusu kila baada ya wiki 3 hivi. Mwaka 1980, Matsuura na wenzake walieleza hali iliyo kinyume: kingamwili za mama zinazoizuia tezi ya mtoto kwa muda.

Hata hivyo, kingamwili si njia pekee ya madhara. Kabla ya wiki ya 12 hivi, kijusi hutegemea homoni ya mama. Haddow na wenzake walionyesha mwaka 1999 kuwa watoto wa wanawake 48 wenye upungufu usiotibiwa walipungukiwa kwa wastani pointi 7 katika kipimo cha akili. Lakini jaribio la Lazarus na wenzake la mwaka 2012, ambamo matibabu yalianza karibu na wiki ya 13, halikuonyesha tofauti watoto walipofika miaka 3. Iwapo tiba ilichelewa, au upungufu wenyewe ulikuwa mdogo mno, ni hoja ambayo bado inajadiliwa.

Kwa hiyo, historia hii inadai njia hizo mbili zitenganishwe. Homoni za mama zikiwa sawa hazimhakikishii mtoto usalama. Na kingamwili zikionekana katika damu hazithibitishi peke yake kuwa mtoto amedhurika.