Stelingi, Adui na Mwanamke Nyoka

Katika vibanda umiza, kumbi za video za Nyamagana jijini Mwanza, filamu ilikuwa na watu wa aina mbili tu: stelingi na adui. Stelingi hafi. Adui naye, hata akitamba vipi, watoto waliobanana kwenye mabenchi walijua siku zake zinahesabika.

Lugha hiyo ilizaliwa vibandani. Stelingi ni “starring”, neno la Kiingereza lililotangulia jina la mwigizaji mkuu, likachukuliwa likawa cheo. Kituo cha kwanza cha televisheni Tanzania Bara kilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, kanda za VHS zilipita mkono kwa mkono. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, akaifanya tafsiri ya sinema kuwa kazi kamili: yeye peke yake, kwa sauti yake, aliwasemea wahusika wote na kuwaeleza watazamaji nani ni nani.

Lakini Nagina, filamu ya Kihindi ya mwaka 1986, haigawanyiki hivyo. Sridevi ni Rajni, nyoka mwenye umbo la mwanamke. Ameingia nyumbani kwa Rajiv kulipiza kifo cha mumewe, akaishia kumpenda huyohuyo aliyekuja kumuua. Karibu na mwisho, mchawi anapuliza zumari. Rajni anacheza bila kutaka, macho yamebadilika rangi, mwili unavutwa huku moyo ukikataa. Huyo ni stelingi au adui?

Usukumani, kiumbe wa namna hiyo hakuwa mgeni. Bayeye, wanachama wa chama cha siri cha mafundi wa nyoka ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946, walikamata nyoka wenye sumu, wakacheza nao mbele ya watu na kuwatibu walioumwa. Aliyeijua sumu ndiye aliyeijua dawa, na jirani aliyemwogopa mchana angeweza kumgongea mlango usiku, mtoto mgonjwa mgongoni.

Watengenezaji wa filamu nchini nao walimfikia mhusika wa namna hiyo. Mwaka 2005 Mussa Banzi alitoa Shumileta, kisa cha jini wa kike anayempenda binadamu. Filamu imebeba jina la jini huyo, kama ilivyo haki ya stelingi, na ndiye anayetisha.

Na huko Bujora, kilomita chache nje ya jiji la Mwanza, ngoma ya chatu ingali inachezwa. Mchezaji humzungusha nyoka shingoni na kuwasogelea watazamaji. Watoto hurudi nyuma wakipiga kelele, kisha husogea tena mbele.