Kilichobaki Koponi

Sisi wa Nyansurura tu jirani wa Serengeti, mbuga iliyopigwa picha mpaka basi. Wageni huuliza wanyama. Mimi nauliza mikanda.

Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege yenye milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama na kupiga filamu. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tumbusi, Michael akafa. Baba aliimaliza filamu, na mwaka 1960 ikatwaa Oscar. Mzee huyo alishikilia kwamba hifadhi isikaliwe na watu. Mwaka uleule wa 1959 Wamasai wa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro.

Enzi hizo mkanda wa asili ulikatwa kwa mkasi, kwa kufuata namba za ukingoni. Ukishakata, umekata! Siku hizi filamu iliyopigwa kwa mkanda huhaririwa kwenye kompyuta, kwa nakala hafifu. Uhariri ukifungwa, vipande hupangwa kwenye mstari mmoja, mapambo ya muda huondolewa, kisha hutolewa orodha: jina la mkanda, fremu ya kwanza, fremu ya mwisho. Huongezwa fremu chache kila upande, kwa tahadhari. Maabara huskani kilichoandikwa, ndipo rangi hutengenezwa. Kosea namba moja tu, bwana, utaletewa fisi mahali pa twiga.

Filamu ya saa moja na nusu ina fremu 129,600. Zilizopigwa huwa nyingi zaidi, mara kumi hata. Zisizo kwenye orodha hazipiti kwenye mashine. Zinabaki gizani, ndani ya kopo.

Hapo ndipo roho inaponidunda. Orodha inaonekana kazi ya karani, kumbe ndiyo inayoamua nani aonekane kesho. Mhariri akitaka mbuga tupu, mchungaji aliyepita mbele ya kamera anabaki koponi, na mjukuu wake ataambiwa hapakuwa na mtu.

Basi, mwandishi mwenzangu, siku ukiitwa kuandaa filamu ya zamani, usiombe tu fremu zilizochaguliwa. Uliza pia vipande vilivyotupwa, vipe jina na namba. Pesa ya kuskani ikikosekana leo, angalau atakayekuja ajue pa kutafuta.