Adui, Mhasimu na Mgeuko wa Kisa

Katika vibanda vya video vya Tanzania kila muvi ina watu wawili wenye cheo: stelingi na adui. Waliobaki ni wasindikizaji. Stelingi hafi, adui hufa mwishoni, na mtu akiingia muvi imeshaanza swali lake la kwanza kwa aliyekaa jirani ni moja tu: stelingi nani? Akishaonyeshwa, adui atamtambua mwenyewe. Maneno haya mawili yamelea watazamaji tangu enzi za mikanda ya VHS hadi flashi za leo, na kwa muvi za makomando yanatosha kabisa. Yanapokwama ni kwenye bunilizi za kisayansi, muvi na sizoni za roboti, viumbe wa sayari nyingine na watu wanaorudi nyuma ya wakati, maana huko ndiko waandishi wanakopenda kumgeuza mtu katikati ya safari.

Msowero ni mahali pazuri pa kuusikia ubishi unaotokana na hilo. Kata hii ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ipo kando ya barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini. Jioni aliyetoka shambani na aliyelaza bodaboda yake nje wanakaa benchi moja, macho kwenye kioo. Mmoja anasema adui ni yule mwenye sare. Mwingine anamwambia, kaka, subiri, hujaona kitu. Muvi inaisha, wanatoka nje, na ubishi unaendelea mpaka kwenye meza ya chipsi. Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba mara nyingi wote wawili wana haki, ila neno wanalogombania limebeba mizigo miwili.

Adui ni neno la uhusiano. Hakuna mtu aliye adui peke yake. Ni lazima awe adui wa fulani. Uovu ni habari nyingine: ni tabia, ni matendo, na mtu mwovu ni mwovu hata akiwa peke yake chumbani. Katika muvi za makomando mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo neno moja linatosha. Lakini wahakiki wa fasihi wamezoea kuyatenganisha, na Kiswahili kinayo maneno ya kufanya hivyo. Anayesimama upande wa pili wa mhusika mkuu, anayemzuia asipate anachokitafuta, tumwite mhasimu. Anayetenda ubaya kwa kujua na kwa kutaka, tumwite mwovu. Tembo akitoka Hifadhi ya Mikumi usiku na kumaliza shamba la mahindi, amekuwa mhasimu wa mwenye shamba kwa maana zote za neno, lakini hakuna atakayesimama kwenye mkutano wa kijiji kumshtaki kwa uovu.

Muvi ya Alien ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott, imejengwa juu ya tofauti hiyo. Mabaharia saba wa chombo cha mizigo cha angani wanaamshwa usingizini, wanatua kwenye kijisayari, na wanarudi na kiumbe kinachowaua mmoja mmoja. Kwa muda mrefu hakuna ubishi juu ya adui: ana meno, ana mkia, damu yake inayeyusha chuma. Kisha inabainika kwamba afisa wa sayansi wa chombo hicho, Ash, si binadamu bali ni roboti, na kwamba kampuni iliyowaajiri ilikwisha kumpa amri ya kukileta kiumbe hicho nyumbani hata kama mabaharia wote watakufa. Kiumbe hakibadiliki hata kidogo. Kinaendelea kuua vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mhasimu amebaki mdomoni mwa kiumbe, na uovu umehamia ofisini, kwa watu ambao hatuwaoni. Mtazamaji mwenye neno moja tu, adui, hawezi kulisema hilo bila kuonekana anajipinga.

Kuhusu jina la mtu mwovu, Kiswahili hakina njaa ya maneno. Shida ni kwamba mengi yana historia nzito. Nduli lingefaa kwa sauti na kwa maana, lakini kwa Mtanzania aliyeishi miaka ya 1978 na 1979, wakati wa Vita vya Kagera, nduli ni Idi Amin, basi. Jambazi ana bunduki na anataka fedha. Fisadi anakula mali ya umma. Katili ni kivumishi cha kitendo zaidi kuliko jina la nafasi katika hadithi. Jina likichaguliwa vibaya linatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya wafanyabiashara wa Venisi, aliipa jina la Mabepari wa Venisi, ikatoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Msomaji wa wakati huo alikuwa ameshajua nani wa kumshuku kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na hakuwa Shylock peke yake. Kwa istilahi tunahitaji neno lisilomtaja mtu, wala tabaka, wala vita. Mhusika mwovu, kwa kifupi mwovu, linatosha. Ni neno la kila siku na halimwonei mtu.

Upande wa pili wa ubishi ni lile jambo lenyewe linalomhamisha mtu kutoka nafasi moja kwenda nyingine. Wanafunzi wetu wa sekondari wanafundishwa kwamba muundo wa hadithi waweza kuwa wa msago, yaani moja kwa moja, au wa rejea, au wa rukia. Ni maneno mazuri, ila yote matatu yanahusu mpangilio: kipi kimesimuliwa kabla ya kipi. Hakuna hata moja linaloeleza kile kinachotokea mtazamaji anapogundua kwamba alichokuwa anakiona tangu mwanzo kilikuwa kitu kingine. Hadithi ya msago kabisa, isiyorudi nyuma hata hatua moja, inaweza kukupiga hivyo.

Wapo waliojaribu msokoto, kwa kufuata neno la Kiingereza lilivyo. Silikubali. Msokoto mitaani ni wa bangi, na hata tukiliacha hilo, kusokota ni kuzidisha ugumu, kuunganisha nyuzi ziwe kamba. Hadithi inaweza kuwa imesokotwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukushangaza mara moja. Kona ni zuri mdomoni, vijana husema hadithi imekata kona, lakini gari likikata kona bado liko barabarani na nyuma yake hakujabadilika chochote. Mimi nashika mgeuko wa kisa. Kugeuka ni kutazama ulikotoka. Neno linazaa vizuri pia: kisa kimegeuka, mwandishi amekigeuza, mgeuko wa kwanza, migeuko miwili katika sehemu moja ya sizoni.

Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi na tamthilia, alitenga mambo mawili: hali kupinduka na kuwa kinyume cha ilivyotarajiwa, na mtu kutoka ujinga kwenda ujuzi. Akasema utambuzi ulio bora ni ule unaokuja pamoja na mpinduko huo, na mfano wake ni Edipode, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanaye katika Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi. Mjumbe anakuja kumtuliza mfalme, na habari zilezile za kumtuliza ndizo zinazoanza kumfunulia kwamba muuaji anayemsaka ni yeye mwenyewe. Kiswahili kina neno moja fupi kwa sekunde hiyo, na kila msimulizi wa ngano analijua: kumbe. Ndilo kipimo changu. Mgeuko wa kweli unaruhusu kumbe, kwa sababu kumbe hairuhusiwi kwa jambo jipya. Husemi kumbe mvua imeanza kunyesha ukiwa umesimama uwanjani unaitazama ikianza. Unasema kumbe ilikuwa inanyesha, ukifungua mlango na kukuta ardhi imelowa.

Tuuone mgeuko mmoja kwa karibu. Terminator ya mwaka 1984 ilimpa Arnold Schwarzenegger nafasi ya roboti muuaji aliyetumwa kutoka wakati ujao. Mwaka 1991 ikaja ya pili. Mwanzoni wanafika wawili: Schwarzenegger, sura ileile, anavamia baa na kutoka na koti la ngozi, pikipiki na bunduki, na kijana mwembamba, akichezwa na Robert Patrick, anayejitokeza akiwa na sare ya polisi na gari la polisi. Wote wanamtafuta mtoto mmoja, John Connor. Wanakutana kwenye ujia wa nyuma wa jengo la maduka. Mtoto yupo katikati. Schwarzenegger anatembea na boksi la maua ya waridi, maua yanaanguka, bunduki inabaki mkononi, buti linayakanyaga. Anamwamuru mtoto ainame, na risasi zinampita juu kumwendea polisi. Kumbe mwenye koti la ngozi ni mlinzi. Ukirudi nyuma utakuta kila kitu kilikuwepo: pale baa alijeruhi lakini hakuua, na polisi hatukumwona akitendewa kama polisi na polisi mwenzake hata mmoja.

Matangazo ya muvi hiyo yalikwisha kutoboa siri kabla haijaingia kumbini, na watazamaji wengi walikaa kwenye viti wakijua. Kwetu kuna mlango mwingine wa kuitoboa, nao ni mtafsiri. Tangu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyejulikana nchi nzima kwa sauti yake juu ya muvi za kigeni, mpaka madijei wa sasa, mtafsiri wa Kitanzania hatafsiri maneno tu. Anasimulia, anaeleza, anaongeza chumvi, anawataja wahusika kwa vyeo. Hapo ndipo istilahi inapokuwa kazi ya mikono. Mtafsiri akisema "huyu ndiye adui" Robert Patrick anapotokea mara ya kwanza, ameua ujia mzima, waridi na yote. Akisema "adui" kwa Schwarzenegger, amedanganya. Akiwa na neno mhasimu kichwani, hata asipolitamka, atajua la kufanya: atasema "jamaa" kwa wote wawili na kusubiri. Naamini walio bora katika kazi hiyo wanalifanya hili kwa silika, nami nawavulia kofia.

Wala ubishi wa nani mwovu haukuletwa Kilosa na umeme. Mwaka 1961 mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti wake kwa Wakaguru wa huko, alichapisha makala juu ya ngano zao za Fisi na Sungura. Katika ngano hizo Fisi ni mjomba na Sungura ni mpwa wake. Wakaguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana mamlaka makubwa juu ya mpwa, kwa hiyo mdogo anapomshinda mkubwa kwa hila, Beidelman aliona humo mvutano wa ndani ya ukoo wenyewe. Fikiria nani anasikiliza. Mpwa anacheka na Sungura. Mjomba, aliyekaa palepale karibu na moto, anasikia hadithi ya kijana asiye na adabu anayemwangamiza mzee wake. Mhasimu ni mmoja, hakuna anayepinga. Mwovu hawamtaji kwa jina moja.

Ubishi juu ya Black Panther ya mwaka 2018 ulikuwa wa namna hiyo. Killmonger anataka kiti cha ufalme cha stelingi, T'Challa, na anaua ili akipate. Ni mhasimu bila shaka, na mikono yake ina damu. Lakini kisa kinageuka pale T'Challa anapojua kwamba baba yake, mfalme mwema, alimuua ndugu yake mwenyewe na kumtelekeza mtoto wa marehemu ugenini, na mtoto huyo ndiye Killmonger. Uovu wa kwanza ulitoka nyumba ya stelingi. Wanaosema Killmonger alikuwa na haki na wanaosema alikuwa muuaji hawapingani.

Bunilizi zetu wenyewe hazijalala. Katika Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi wa Kenya iliyotoka mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo, na badala ya kufa anafika nchi ya mbali iliyopangwa kwa haki. Msomaji anaitaja nchi hiyo kurasa nyingi kabla hajalikata jina lake vipande vitatu: wale ni sisi. Mgeuko umewekwa kwenye jalada.

Linabaki jina la mgeuko wa uongo, ule unaoletwa na mwandishi aliyeishiwa: pacha ambaye hakuwahi kutajwa, ndoto iliyofuta yote, marehemu anayerudi bila maelezo. Hapo mtazamaji hasemi kumbe, anasema wametuchezea. Hilo naliita kiinimacho, na mashabiki wangelitumia wangepunguza nusu ya makelele. Mfano wenye ubishi halali ni Star Wars. Katika muvi ya pili, ya mwaka 1980, adui Darth Vader anamwambia stelingi, Luke, kwamba yeye ndiye baba yake. Katika muvi ya kwanza, ya mwaka 1977, mzee Obi-Wan alikuwa amemwambia Luke kwamba Vader ndiye aliyemuua baba huyo, na rasimu ya mwanzo ya muvi ya pili, iliyoandikwa na Leigh Brackett, ilimleta baba wa Luke kama mzimu, mtu tofauti na Vader. Kwa hiyo wazo lilikuja baadaye, na muvi ya mwaka 1983 ililazimika kumpa Obi-Wan maneno ya kujitetea. Hata hivyo naiweka kwenye migeuko. Kipimo hakiulizi mwandishi alijua lini. Kinauliza kama tulichokwisha kukiona kinaikubali kumbe. Muvi ya kwanza inaikubali: mzee anasita kabla ya kujibu swali la kijana, na Owen, aliyemlea Luke, anaogopa kwamba kijana amefanana mno na baba yake. Kinachopungua ni yale maelezo ya mwaka 1983, kwamba maneno ya mzee yalikuwa kweli ukiyatazama kwa upande fulani. Hayo peke yake ndiyo kiinimacho.