Kufuma: kitanzi kwa kitanzi

Shangazi, anayeuza sweta za shule, ananifundisha kufuma. Nina sindano mbili, uzi mnene na mistari minne iliyopinda. Kila kitanzi kinapitishwa ndani ya mwenzake, kimoja kimoja. Polepole mno, jamani.

Mwaka 1589 William Lee wa Calverton, Uingereza, aliunda mashine ya kufuma safu nzima ya vitanzi kwa mkupuo. Inasemekana Malkia Elizabeth I alimnyima hataza akihofia wafumaji maskini wangekosa riziki. Lee akahamia Ufaransa.

Mwaka 1811, Nottingham, mafundi waliozitumia mashine hizo ndio walioanza kuzivunja, maana ujira ulishuka. 1812 Bunge likapitisha adhabu ya kifo.

Kazini naandika programu za kupunguza wafanyakazi. Shangazi bado sijamwambia.