Mifupa ya Walio Hai

Mwaka 1870, katika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, David Livingstone alilazimika kukaa kitako kwa miezi, kwa sababu donda ndugu lilikuwa limemla miguu, na waliomjulia hali, wakiwamo Waarabu na waungwana waliofuata pembe katika bara la Manyema, waliyaona madonda hayo kwa macho yao. Lakini mfupa wa mkono wake wa kushoto, uliovunjwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844, ukaunga vibaya hata ukafanya kiungo cha uongo, hakuna aliyeuona. Ulionekana mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuichukua maiti yake hadi Bagamoyo, na meli kuifikisha Uingereza, ambako tabibu Sir William Fergusson aliupima mfupa ule huko London, akashuhudia kwamba maiti hiyo ni ya Livingstone. Ushahidi ulikamilika, ila mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Habari hii ndiyo inijiayo kwanza kila ninapowafikiri wazee wetu wa Kasongo na Kabambare ambao maradhi yao yamejificha mifupani. Kasongo ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji yaliyoongozwa na Dhanis, tarehe 22 Aprili 1893, hapakuwa na tabibu duniani awezaye kuutazama mfupa wa mtu aliye hai bila ya kumpasua. Tarehe 8 Novemba 1895 Wilhelm Röntgen, huko Würzburg, aliigundua miale asiyoijua jina, ndiyo eksirei ya leo, na kabla ya mwaka kwisha aliupiga picha mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa ya vidole pamoja na pete yake.

Maradhi ninayoyasemea ni saratani ya tezi dume, tezi ndogo iliyo chini ya kibofu. Saratani hiyo ikiachwa muda mrefu hupenda kuhamia uti wa mgongo, nyonga na mbavu, na mzee mwenye nayo aghalabu hulalamikia kiuno, akasuguliwa mafuta, akaambiwa ni baridi yabisi au ni uzee. Ajabu yake ni kwamba, ilhali saratani nyingine nyingi hutoboa mfupa, hii mara nyingi huuchochea ujijenge ovyo, hata katika picha ya eksirei pingili za mgongo huonekana nyeupe kama zilizopakwa chokaa. Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha mwaka 1941 kwamba saratani hiyo hulishwa na homoni za kiume, na mgonjwa akiondolewa homoni hizo hupata nafuu. Ndipo kuijua mapema mifupa iliyoshikwa kukawa na faida kubwa zaidi. Eksirei, hata hivyo, huchelewa kuona. Mwaka 1971 watafiti Subramanian na McAfee walipata njia ya kuifunga teknetiamu, metali yenye mnururisho, na fosfati, dawa ikadungwa mshipani, ikaenda kukaa pale mfupa unapojijenga kwa pupa, na baada ya saa chache kamera ikauonyesha mwili mzima, madoa meusi yakiwa yametapakaa mgongoni.

Hapa pana jambo liniumalo. Ardhi ya Kongo ndiyo iliyotoa madini ya urani ya Shinkolobwe, ambayo tangu 1922 Wabelgiji waliyasafisha kwao huko Oolen wakapata radiamu ya kutibia saratani za mataifa. Na mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, katika jiji liitwalo leo Kinshasa. Kasongo nayo si ngeni katika elimu ya siha, kwani katika miaka ya 1970 mradi wa zahanati uliosaidiwa na taasisi ya tiba ya Antwerp uliufanya mji huu usomwe na matabibu wa mbali, hasa kwa utafiti wa chanjo ya surua uliochapwa mwaka 1981. Lakini teknetiamu hupungua nusu kila baada ya saa sita, na dawa ya namna hiyo haisubiri mvua ikatike wala lori likwamuliwe katika tope la njia ya Kabambare. Ikifika, imekwisha kuwa maji.

Basi kwa mzee wa huku hubaki eksirei. Nimewahi kuishika moja, nikaielekeza dirishani, na mwenye mgongo ule akaja kusimama kando yangu, akaitazama kwa muda, akaweka ukucha wake juu ya pingili iliyokuwa nyeupe kuliko nyingine, akasema, "Hapa ndipo pananiamsha usiku."